Polisi wawili wa Mtwara kunyongwa: tushangilie, au hii adhabu ifutwe?

Kibatari
Wakuu habari za jioni. Hukumu ya Mahakama Kuu Mtwara ya Jumatatu, 23 Juni 2025, nadhani wote mmeshaisikia. Kwa aliyekuwa usingizini: ni ile kesi ya polisi saba walioshtakiwa kumuua kijana mfanyabiashara wa madini wa Nachingwea mwanzoni mwa 2022. Walimkamata gesti pale Mtwara mjini Oktoba 2021, wakachukua hela zake, inatajwa milioni 33.7, kijana alipoanza kuzifuatilia kituoni ndo ikawa safari yake ya mwisho, mabaki yake yakaja kuokotwa porini. Sasa watano wameachiwa, wawili, akiwemo aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, kunyongwa hadi kufa.

Mtaani kwetu watu wamenunuliana soda. Mimi nilidhani nitafurahi ila nimebaki na swali, hii adhabu bado tunaihitaji? Maana tangu 1994 hakuna hata mmoja aliyenyongwa nchi hii, tunawahukumu tu tunawajaza magereza. Karibuni kwa hoja, matusi tuyaache nje na viatu.

Ngongo
Wanyongwe. Tena mchana, watu tukiwepo, iwatishe na wengine.

Pwagu Mkavu
Ngongo wewe kuku tu unaenda kuchinjiwa na jirani, leo unataka kukaa mstari wa mbele kwenye kitanzi?

Ngongo
Pwagu kuku hajaniulia mtu. Jadili hoja.

Sheria Ngumu
Ngoja niwasaidie kabla hamjafika mbali. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 196 na 197: ukitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, jaji hana menyu. Labda uwe mjamzito, hapo unapata maisha, au uwe ulikuwa chini ya miaka 18. Wengine wote ni kamba. Kwa hiyo hao wanaomsifia jaji kwamba amekuwa mkali, hajawa mkali wala mpole, amesoma kilichoandikwa.

Na mjue hili jambo limeshapiganiwa. 1994 Jaji Mwalusanya alisema adhabu ya kifo inavunja Katiba, kesi ya Mbushuu, mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikapindua. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika hapo Arusha, kesi ya Ally Rajabu na wenzake, wakatuambia hilo neno "lazima" linavunja haki ya kuishi, tuliondoe. Na sisi mwezi huohuo tukajitoa kwenye kipengele kinachomruhusu mwananchi kwenda kulalamika pale moja kwa moja 😀

Pwagu Mkavu
Kwa hiyo jaji wa kesi za mauaji ni kama mashine ya EFD, unabonyeza inatoa risiti.

Sheria Ngumu
Kwenye adhabu, ndiyo. Kwenye kutia hatiani ana kazi kubwa kweli, na ndo maana watano wametoka.

Ngongo
Hao watano ndo wananiuma. Watu saba mnaingia kizimbani wawili tu ndo wenye mikono? Wengine walikuwa wanashika taa?

Mpwa wa Mzee Hamza
Nimesoma tu nikaona nichangie kidogo halafu nitoke. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alihukumiwa kunyongwa. Kesi ya mauaji ya jirani, ugomvi wa shamba, shahidi mmoja tu aliyesema alimtambua usiku kwa mwanga wa mbalamwezi. Alikaa miaka mingi kwenye vile vyumba vya waliohukumiwa kifo mpaka Mahakama ya Rufani ikamwachia, wakasema utambuzi ulikuwa dhaifu. Amerudi mzee. Mpaka leo ukimwita jina kwa sauti ya juu anachuchumaa kwanza ndo anaitika, kwa sababu kule wakihesabiwa wanachuchumaa. Bibi alikuwa anakasirika anamwambia simama wewe uko kwenu. Sasa nyie mnaosema wanyongwe kesho yake, mjomba wangu angekuwa wapi?

Sisemi hao polisi wameonewa. Nasema kamba haina rufaa.

Jicho la Mwewe
Pole kwa mjomba. Ila tuwe wakweli kidogo kwenye hii kesi, kuna kitu hakisemwi. Kijana wa miaka 25, hana ajira inayojulikana, yuko gesti na milioni thelathini na kitu TASLIMU. Sitetei mauaji hata kidogo. Lakini polisi yeyote duniani angeuliza. Tusimfanye kila marehemu malaika.

Mtoto wa Nachi
Jicho la Mwewe rudia hapo. Hana ajira inayojulikana kwa nani? Kwako? Nachingwea nzima ilikuwa inajua kwamba ananunua mawe. Hii ndo dharau yenu ya miaka yote, kijana wa Kariakoo akitembea na milioni hamsini kwenye begi la mgongoni ni mjasiriamali, wa kusini akiwa nazo ni jambazi. Umeandika kwa kifupi ule ule utetezi wa waliomuua.

Jicho la Mwewe
Punguza povu mkuu. Nimeuliza swali, benki zipo, simu zipo, kwa nini utembee na cash?

Mtoto wa Nachi
Kwa sababu hujawahi kununua hata kipande cha jiwe. Ngoja nikufundishe bure. Unafika machimboni, hakuna benki, mtandao unapanda mti kuutafuta. Mchimbaji anatoa safaya yake mdomoni au kwenye pindo la suruali, anakupa dakika chache, unaiangalia kwa tochi, unaigeuza kutafuta nyufa, na nyuma yako kuna mabroka wengine wamechuchumaa wanasubiri useme hapana. Ukimwambia subiri nikatume hela benki, amekucheka na jiwe limeondoka. Yule ana vijana kwenye shimo wanadai posho yao jioni hiyohiyo. Bila hela mkononi hakuna biashara. Na kama unanunua mawe mawili matatu ya maana milioni 33 inaisha hujamaliza kijiji.

Pwagu Mkavu
Mdomoni? Na wewe unalishika tu?

Mtoto wa Nachi
Unalipangusa na shati bwana. Hela haina mate.

Jicho la Mwewe
Sawa, tumekubali kuna biashara. Masoko ya madini serikali imeyafungua tangu 2019 kila mkoa, kwa nini ununue porini? Leseni alikuwa nayo? Kodi je? Mbona maswali ya msingi mnayakimbia?

Mtoto wa Nachi
Kodi inadaiwa na TRA kwa barua. Wewe unataka idaiwe kwa kumpeleka mtu porini.

Mama Sijali
Mimi ni wa Newala na naona Jicho ana jina lake kabisa huyu, haoni anachukua vifaranga tu. Mnasahau 2018 korosho? Bei ikagoma, Magufuli akasema jeshi linunue kwa 3,300 kilo, tukashangilia weee, halafu mkulima mwenye mzigo mkubwa anaulizwa shamba lako liko wapi tulione, isije ikawa kangomba, yaani umeinunua kimagendo kwa wakulima wengine. Mume wangu alitembea na maofisa kwenye mikorosho ya marehemu babake kutwa nzima kuwaonyesha huu wetu, na huu wetu, na huu. Huku kwetu mtu akiwa na hela kwanza ni mwizi, mengine baadaye.

Kibatari
Jamani, adhabu ya kifo...

Ngongo
Kibatari waache. Ila Mama Sijali kangomba walikuwepo kweli, usiwasafishe. Walikuwa wananunua kwa vipimo vya bakuli wanawanyonya wazee.

Mama Sijali
Walikuwepo, na walikuwa wanakupa hela ya sare za shule mwezi wa kumi wakati chama cha msingi kinakwambia subiri mnada. Wewe Ngongo uko wapi kwani? Dodoma? Korosho unaiona imeshakaangwa kwenye pakiti.

Ngongo
Niko Singida na alizeti zangu, sina shida na mtu.

Sheria Ngumu
Turudi kwenye mada tafadhali. Suala la cash au leseni halikuwa mbele ya mahakama. Kilichokuwa mbele ya mahakama ni nani alimuua.

Zai wa Kilwa Road
Nimevumilia kurasa zote hizi. Baba yangu ni polisi, ana zaidi ya miaka thelathini kazini na bado tunaishi kwenye nyumba ya mabati ya kota. Tangu hii hukumu itoke nikipanda daladala nasikia "polisi wote majambazi, wanyongwe wote". Kuna wangapi wanakufa kwa risasi za majambazi? 2015 pale Stakishari kituo kilivamiwa, askari wakauawa, wangapi hapa walinunuliana soda wakiwalilia? Hawa wawili wamehukumiwa kwa makosa yao, siyo kwa makosa ya baba yangu.

Ngongo
Dada Zai pole ila hakuna aliyesema wote humu.

Zai wa Kilwa Road
Soma ulichoandika juu kuhusu wale watano. Mahakama imewaachia, wewe bado unawaita wauaji. Kwako ukishavaa magwanda umeshahukumiwa.

Pwagu Mkavu
Dada Zai tunakuheshimu na mzee anaheshimika. Ila naomba unisaidie kitu kimoja. Yule mwenzao wa nane aliyekutwa amejinyonga mahabusu hata kesi haijaanza, taarifa ya polisi ikasema katumia tambara la dekio. Dekio dada. Mimi nimedeki nyumba tangu niko mdogo, lile tambara hata kamba ya nguo haligeuki.

Zai wa Kilwa Road
Na wewe unacheka. Yule naye alikuwa na mama yake.

Pwagu Mkavu
Sicheki. Nauliza kwa mdomo uliopinda kwa sababu ukinyooka naitwa.

Mtoto wa Nachi
Hapo Pwagu umegonga. Yule ndo angesema yote. Tumebaki na wawili wa kuhukumiwa na mwingine wa kuzikwa.

Otis wa Rongai
Jirani wa Kenya hapa, nimekuwa nikisoma kimya. Hata sisi tuko na kesi karibu sawa na hiyo. Wakili Willie Kimani, 2016, aliuawa pamoja na mteja wake wa bodaboda na dereva wa teksi, miili ikapatikana kwa mto. Mteja alikuwa amemshtaki askari aliyempiga risasi. Februari 2023 Jaji Lessit akampa yule askari mkuu kifo, wenzake watatu wakapewa miaka 30, 24 na 20. Hiyo ndio faida ya ile kesi ya Muruatetu ya 2017, korti yetu ya juu ilisema jaji asifungwe mikono, apime kila mtu na mzigo wake. Kunyonga kwenyewe hatujanyonga tangu 1987. Wale wa mapinduzi ya 82 ndio walikuwa wa mwisho. Kwa hivyo mjiulize mnataka nini, kufuta kabisa ama kumwachia jaji nafasi?

Ngongo
Mkenya umekuja vizuri ila nyinyi kunyonga hamnyongi, mnapoteza watu tu barabarani.

Otis wa Rongai
Hiyo siwezi kataa. Lakini swali langu bado liko hapo.

Jicho la Mwewe
Swali la Mkenya zuri. Na naona hata yeye hajauliza kama wakili alikuwa na leseni 😂

Mtoto wa Nachi
Unafurahia eh.

Abuu Nasra
Bismillah. Mnajadili kana kwamba hakuna mwenye damu. Kwenye Qur'an, Suratul Baqarah aya ya 178, kisasi kimewekwa, lakini palepale Mola akafungua mlango wa aliyefiwa kusamehe na kupokea fidia kwa wema. Aliyefiwa ndiye mwenye neno. Kwenye sheria hii tuliyoachiwa na Mwingereza, mama wa marehemu anaitwa shahidi, akimaliza kuongea anaambiwa ashuke, basi. Hakuna aliyemuuliza unataka wanyongwe au unataka nini. Mimi si wa kufuta wala si wa kunyonga hovyo, nasema mwenye msiba aulizwe.

Theo Mwalimu
Sheikh hapo nakuunga mkono nusu. Kwetu Wakatoliki Papa Francis alibadilisha Katekisimu 2018, adhabu ya kifo haikubaliki popote. Na Rwanda walifuta 2007, Rwanda! Nchi iliyozika watu kiasi kile 1994 ikasema hatutanyonga. Zambia nao wamefuta 2022. Sisi tunangoja nini? Ila kumwachia familia iamue, je familia ikiwa masikini na muuaji ana hela? Si itanunuliwa tu?

Abuu Nasra
Mwalimu, kwa hiyo masikini hana akili ya kujua thamani ya mwanawe? Hilo neno si zuri.

Theo Mwalimu
Sijasema hivyo sheikh, umeniwekea maneno.

Abuu Nasra
Rudi usome ulichoandika. "Itanunuliwa tu."

Kibatari
Jamani jamani. Kuna mtu kataja Rwanda mmeruka kama hamjaona, mnagombania neno moja.

Mpwa wa Mzee Hamza
Na mjomba wangu mlimruka vilevile. Sawa tu.

Sheria Ngumu
Kibatari, nimalizie upande wa sheria. Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Chande, ripoti walimkabidhi Rais 2023, ilipendekeza kifo kisiwe adhabu pekee, na kwamba aliyehukumiwa akikaa muda fulani bila kunyongwa ibadilike iwe kifungo cha maisha. Kwa hiyo hata serikali inajua. Magufuli 2017, siku anamwapisha Jaji Mkuu Juma, alisema wazi kwamba hataki kupelekewa majina asaini. Mkapa hakusaini, Kikwete hakusaini, Mama Samia naye hajasaini. Marais wote hao wanaogopa kitu ambacho jaji analazimishwa kukitamka.

Ngongo
Basi na huyo jaji apewe ruhusa ya kusaini mwenyewe tumalize.

Sheria Ngumu
Ngongo nenda kalale.

Mtoto wa Nachi
Mimi niseme ukweli, sijali wakinyongwa au wakifia ndani. Kamba yenyewe ni ya kwenye karatasi. Wafanyabiashara wa madini wa Mahenge waliuawa na polisi Januari 2006 pamoja na dereva teksi wao, wakapelekwa msitu wa Pande, ile kesi ya Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi Dar, na askari wenzake. 2009 wote wakaachiwa, 2016 Rufani ikamrudisha mmoja akahukumiwa kunyongwa. Hajanyongwa. Je hiyo hukumu ilimwogopesha nani? Miaka mitano tu baadaye, 2021, wanaingia gesti ya Mtwara kwa mwingine mwenye mawe. Ngongo unayesema kamba inatisha, ilimtisha nani hapo?

Ngongo
Haijawatisha kwa sababu hawanyongwi! Umenisaidia hoja.

Theo Mwalimu
Au haijawatisha kwa sababu walijua wanaokuja kuchunguza ni wenzao. Rais Samia mwenyewe Februari 2022 alikataa polisi wajichunguze kwenye hii kesi ya Mtwara, akamwagiza Waziri Mkuu aunde kamati. Sasa fikiria kesi ambazo hazijafika kwa Rais.

Zai wa Kilwa Road
Hapo kwenye chombo cha kuchunguza polisi mimi nakubali, na hata baba anakubali. Anasema kikiwepo kitawalinda hata askari wanaosingiziwa.

Pwagu Mkavu
Leo Zai na Mtoto wa Nachi wako upande mmoja, andikeni tarehe.

Mtoto wa Nachi
Ngoja tusikubaliane mapema. Zai, muulize mzee, hela ya mtu ikichukuliwa kama kidhibiti inaandikwa wapi, na mwenye hela akifa anapewa nani? Milioni 33.7 siyo tambara la dekio. Hukumu nimeisikia redioni, kifo kimetajwa, wangapi wameachiwa nimesikia, ya hela sikusikia.

Zai wa Kilwa Road
Inaandikwa kwenye rejista ya vidhibiti na unapewa hati ya ukamataji mali, unasaini wewe na shahidi huru. Ndo utaratibu.

Mtoto wa Nachi
Shahidi huru, saa ngapi ile, gesti, mlango umepigwa teke. Angekuwa nani, mhudumu wa gesti?

Zai wa Kilwa Road
Nimekwambia utaratibu, sijakwambia walichofanya.

Jicho la Mwewe
Na angekuwa na risiti za soko la madini hata hiyo hati angeidai kwa nguvu.

Mama Sijali
Jicho wewe mwanangu umelelewa na karani?

Jicho la Mwewe
Nimelelewa na bibi aliyekuwa anaweka risiti ya sukari, mama.

Kiguu na Njia
Samahani wakuu natoka nje ya mada kidogo, hiyo leseni ya ubroka inachukuliwa wapi? Nina kamtaji nimekakusanya.

Mtoto wa Nachi
Ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa mkoa wako. Nenda na TIN na NIDA, wao watakuelekeza kujaza kwenye mfumo. Anza na mawe madogo, tafuta mtu mzoefu akufundishe kuangalia, usinunue usiku. Na ukifika mjini na hela usilale nayo gesti, lala kwa ndugu.

Jicho la Mwewe
Si ndo nilichokuwa nasema tangu ukurasa wa kwanza?

Mtoto wa Nachi
Hapana. Wewe ulikuwa unamwambia marehemu.

Otis wa Rongai
Na kwenu hiyo leseni ni pesa ngapi?

Pwagu Mkavu
Mkenya huyo, ameshaanza 😂 Kibatari funga mlango.